Mchumba Kwenye Meza ya Gereza

"Mfungwa unayemtembelea ni nani wako?"

Kijana aliuliza bila kuinua kichwa, kalamu juu ya daftari la wageni. Binti aliyefika mbele ya meza, fundi cherehani, alimtazama vizuri. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyombembeleza kila jioni kwenye simu.

"Ni... ni baba yangu."

Kalamu ikasimama. Kijana yule, Msomi, akainua macho. Alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu cha serikali, akisomea haki jinai na urekebishaji wa wafungwa, na wiki ile ndiyo kwanza ameletwa gerezani kujifunza kazi. Mchumba wake huyu alikuwa amemwambia baba yake alishakufa.

"Dada, sogea basi, tumechoka kusimama!" alifoka mama mmoja nyuma.

Msomi aliweka kalamu chini, akamgeukia askari magereza wa zamu.

"Afande, huyu siwezi kumwandika. Ni mchumba wangu."

Foleni nzima ikageuka. Wanafunzi walikuwa na sharti: mwenye uhusiano na familia ya mfungwa aseme hapo hapo, naye anaondolewa.

"Unajua maana yake?" afande aliuliza. "Mafunzo unaanza upya, gereza jingine."

"Najua, afande."

Fundi hakusubiri kumwona baba. Alitoka mbio, kitenge mdomoni.

Siku mbili simu kimya. Dukani akashona zipu ya sketi nje ndani. Shoga yake msusi akamchokoza:

"Mwenzangu, zipu hii mteja ataifunga kutokea ndani ya sketi?"

"Niache. Nimemharibia masomo, na mwenyewe nimempoteza."

Siku ya tatu ujumbe ukaingia: "Nilikuwa naandika maelezo kwa mwalimu wangu. Nipo mlangoni kwako. Nifukuze au nifungulie."

Alifungua, macho chini.

"Kwa nini ulimuua mzee wa watu kwa maneno?" Msomi aliuliza taratibu.

"Aliiba mbao za tajiri yake. Wachumba wawili walisikia wakanikimbia. Wewe unayesomea hayo mambo, nikajua utakuwa wa tatu."

"Kilichoniuma ni uongo, siyo baba."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe."

"Lakini ungeniandika tu ukanyamaza. Usingepoteza kitu."

"Nikuandike kama mtu nisiyemjua? Nisingeweza, mpenzi."

Fundi akalia. Tangu baba afungwe, hakuna aliyewahi kumkubali mbele za watu.

"Asante," alisema. Akamkaribisha ndani.

Jumapili walipanga foleni pamoja. Baba alikuja upande wa pili wa wavu, amekonda lakini ametabasamu.

"Ndiye huyu? Nasikia unasomea kufunga watu."

"Hapana, baba. Nasomea namna ya kumrudisha mtu nyumbani."

"Mimi bado miezi minane. Umewahi mno!"

Wote wakacheka. Kisha Msomi akakohoa, jasho likamtoka.

"Baba, nimekuja kukuomba ruhusa. Nataka kumuoa binti yako."

Mzee akasogea karibu. Akaushika wavu kwa vidole.

"Mwanangu, humu ndani naomba ruhusa hata ya kwenda kunywa maji. Leo mtu ametoka nje, amepanga foleni, aje aniombe ruhusa mimi?"

Machozi yakamtiririka, wala hakuyafuta.

"Asante, baba. Asante sana. Nimekubali. Ila mnisubiri nitoke, siku hiyo nataka kucheza mwenyewe."