Majina Matano ya Sirjana

Kila asubuhi Sirjana alichota maji, akawapa mbuzi majani, kisha akaomba simu ya mama yake kwa robo saa. Pale Tansen, mji wao wa milimani, watoto wengi walicheza Kijijini, mchezo wa mtandaoni ambamo watu hulima, hujenga na kutembeleana. Sirjana aliupenda kwa sababu yake mwenyewe. Baba yake alikuwa mchomeleaji huko Doha, na kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, walikutana mchezoni kwenye baraza la nyumba waliyoijenga pamoja, wakapiga soga. Huu ulikuwa mwaka wa tatu baba hajaja nyumbani kwa sikukuu ya Dashain, ambapo jamaa wote hukusanyika, na Sirjana alimkumbuka mno.

Mwaka huu mchezo ulikuja na jambo jipya. Mkubwa aliweza kuchukua sahani na kumpaka mdogo tika, ule mchele mwekundu uliochanganywa na mtindi unaobandikwa kwenye paji la uso pamoja na baraka. Baba aliahidi kumpaka Ijumaa. Kilele cha Dashain kilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi sahani ya tika ilikuwa imetoweka mchezoni.

"Wameiondoa!" Sirjana alimlalamikia rafiki yake Bipana. "Na tika hupakwa mpaka mwezi mpevu, Jumamosi!"

"Wewe peke yako nani atakusikiliza?" Bipana alimcheka. "Jifanye watu wengi. Waambie mchezo wao umewaharibia simu. Utaona watakavyohangaika!"

Sirjana hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alifungua akaunti tano kwa majina ya uongo, akaingia kwenye ukurasa ambao wachezaji huwaandikia watengenezaji wa mchezo. Wa kwanza alidai nyumba yake imefutwa, wa pili simu yake imeungua, na wa tano alitukana tu.

Jioni alijibiwa na Rejina, mmoja wa vijana wanne wa mji wa Lalitpur waliotengeneza mchezo ule. "Ndugu zangu watano, mmejiandikisha wote ndani ya nusu saa. Tumeshinda tukitafuta nyumba iliyofutwa, kumbe haipo. Akaunti hizo tumezifunga."

Sirjana aliona aibu, akajikunja kitandani akilia. Mama yake alimkuta hapo, akamhoji mpaka akasema yote.

"Sasa katika kelele zote hizo," mama aliuliza, "uliwaambia unachokitaka?"

"Niliwaambia mchezo wao mbovu."

"Sikukuuliza hilo, binti yangu."

Sirjana alijifuta machozi, akaandika kwa jina lake mwenyewe, mbele ya wachezaji wote: "Dada Rejina, wale watano ni mimi. Hakuna nyumba iliyofutwa. Nina miaka kumi na miwili. Baba yangu yuko Doha na hupumzika Ijumaa tu. Nilitaka anipake tika, kwa sababu kwetu tunapaka mpaka mwezi mpevu. Naomba unisamehe."

Jumatano ilipita kimya. Alhamisi nayo ikapita, na Sirjana akakata tamaa. Ijumaa asubuhi ndipo jibu likaja.

"Sirjana, nimekusamehe, ingawa ulininyima chakula cha sikukuu. Na sisi tumekosea. Nyumbani kwangu tulizoea kumaliza tika siku moja, tukadhani ni hivyo kwa kila mtu, wala hatukuuliza. Baada ya barua yako, wengi walioko ughaibuni wameandika kwamba nao walikuwa wanangoja siku ya mapumziko. Tumeirudisha tika mpaka kesho."

Mchana baba aliingia mchezoni. Kwenye kioo cha simu, mzee mdogo aliyekuwa baba aliinama, akampaka tika msichana mdogo aliyekuwa Sirjana.

"Ukue, usome, uishi miaka mingi," sauti ya baba ilisema. "Umefurahi, mwanangu?"

"Nimefurahi," Sirjana alijibu, kisha akashindwa kujizuia. "Kidogo tu. Baba, nakutaka wewe mwenyewe."

"Wameniletea mkataba wa miaka miwili mingine niutie saini," baba alisema polepole. "Nilidhani mmeshazoea."

"Hatujazoea!"

"Na mama yako?"

Mama aliichukua simu. Alisema, "Mimi pia sijazoea. Rudi."

"Basi sitatia saini," alisema baba. "Mkataba huu nilio nao ukiisha, nakuja."

Simu ilipokatika, mama alimvuta Sirjana karibu yake.

"Wewe uliwadanganya watu wa mchezo kwa siku moja," alisema. "Mimi nimemdanganya baba yako miaka mitatu. Kila Ijumaa namwambia hatuna shida, naye ameniamini. Mtu hushughulikia kile alichoambiwa, Sirjana. Ukimpa uongo, atahangaika na uongo huo, na haja yako itabaki palepale. Leo wewe ndiye uliyenifundisha kusema kweli."