Andazi la Asali Iliyoganda

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Rahma alimsaidia mama yake, Mwantum, kukaanga maandazi karibu na soko la Ikungi. Mama alikanda unga, Rahma akakata pembe tatu. Maandazi yao yaliumuka kuliko ya mtu yeyote, ndani yakabaki na uwazi.

Ilikuwa miaka ile biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa, na jemu za kopo zikaanza kupangwa madukani. Darasani, Mwalimu Martina alieleza kuwa Wajerumani hutia jemu ndani ya maandazi yao, Waitaliano krimu, na Wajapani mchuzi wa bizari. Akaandika orodha ubaoni, kila taifa na kitu chake.

"Na sisi Singida tunatia nini?"

"Hewa!" akadakia Cecilia, binti wa mwenye duka. "Nendeni kwa mama Rahma mkaone."

Darasa likaangua kicheko. Rahma akainama, machozi yakimlenga. Akaazimia kuleta andazi la Singida lenye kitu ndani, Siku ya Wazazi.

Jumamosi alifungia asali ndani ya unga mbichi, akatumbukiza kwenye mafuta. Asali ikavuja, ikaungua, mafuta yakaruka.

"Utatuunguza, mwanangu!" mama akapiga kelele.

Alipoitia baada ya kukaanga, ikachuruzika hadi viwikoni.

Ikabaki ndoo ya asali iliyoganda, ya msitu wa Rungwa, ambayo mama aliiuza sokoni. Wateja waliikataa wakidai imetiwa sukari. Lakini mama alikuwa ameinunua kwa mrina asali mwenyewe, akajua ni safi; imegandishwa na baridi ya Juni tu. Rahma akapasua andazi lililopoa, akalijaza. Halikudondosha hata tone.

Siku ya Wazazi, sinia liligombewa.

"Jemu hii mmenunua dukani kwetu, eti?" Cecilia aliuliza, akilamba vidole.

"Ni jemu kweli, binti?" mzee Alute, mwenyekiti wa kijiji, akauliza.

Rahma akikubali, atasifiwa. Akitaja asali iliyoganda, huenda wakatema. Rahma akamtazama mama yake.

"Shikamoo, mzee," Rahma akasema. "Si jemu. Ni asali ya Rungwa, ile iliyoganda mnayoikataa sokoni."

Mzee Alute akatafuna polepole, akameza.

"Marahaba. Nipe la pili."

Cecilia akacheka kwa haya. "Basi hewa imekwisha, Rahma."

"Hewa ndiyo iliyoiachia asali nafasi," Rahma akamjibu.

Mwalimu Martina akawageukia wanafunzi. "Kila taifa hutia kilicho chake. Rahma amehangaika mpaka akapata chetu, kisha akakitaja jina bila kuona haya. Fanyeni kazi hivyo, na semeni kweli hivyo."

Jumatatu, chini ya Wajapani, Rahma mwenyewe aliandika ubaoni: Singida, asali.