Siku Zana Zilipolala

Mama alinituma dukani kwangu jioni ile. Niwashe taa ya mafuta mbele ya zana, nipasue boga barabarani kufukuza husuda, nirudi nile. Ilikuwa sikukuu ya zana. Siku hiyo hapa Bengaluru, India, seremala hashiki randa, mshonaji hagusi cherehani, na hata kompyuta hupakwa liwa na unga mwekundu kama bibi harusi, kisha huachwa zipumzike hadi kesho yake.

Ujinga mtupu. Kazi yangu ni kufufua diski za kompyuta zilizokufa, na kwa miaka kumi na mmoja sijaona shetani ndani ya kompyuta. Nimeona wapumbavu tu, nje yake.

Mmoja alikuwa amechuchumaa mlangoni pangu, kifurushi cha kitambaa kifuani. Akasema anaitwa Thimmaiah, karani mstaafu wa depo ya mabasi.

"Inalia tik tik, mwanangu," alinong'ona. "Humu yumo Puttamma, mke wangu. Kabla ugonjwa haujamchukua alirekodi sauti yake. Faili arobaini, ananisemesha mimi tu. Sina nakala nyingine."

Nilifungua kitambaa, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Alikuwa ameichomoa diski kwenye kompyuta yake asubuhi, akaipaka liwa na unga kwa ibada, akakiziba kile kitundu kidogo ambacho diski hupumulia. Kisha akairudisha na kuiwasha.

"Umemziba mkeo pua, mzee. Hata mbuzi angefikiri kwanza."

"Nimekosa. Nilitaka kumsalimia tu." Macho yake yalikuwa chini. "Wewe ipokee, uishughulikie kesho. Leo zana zimelala."

"Zana ni vyuma, mzee. Chuma hakilali."

Kazi yetu ina sheria moja. Diski mgonjwa haitibiwi yenyewe. Unainakili kwanza, kipande kwa kipande, halafu unaitibu ile nakala, ili ukiharibu uwe umeharibu nakala. Lakini kunakili kungechukua hadi asubuhi, na mimi nilitaka kumwaibisha mzee palepale. Nikaifuta ile liwa, nikaichomeka, nikaiamuru programu ya ukarabati ifanye kazi juu ya diski yenyewe.

Tik... tik... tik...

Harufu ya asmini ikajaa dukani. Asmini mbichi, kama ya shada la nyweleni mwa mwanamke.

"Umekuja na maua?"

Mzee alitikisa kichwa.

Tik...

Kimya.

Programu ikamaliza, ikaniwekea kwenye kompyuta yangu ilichookoa. Faili arobaini! Majina yalikuwa yamepotea, zimebaki namba tupu, jambo la kawaida kabisa. Nikamkonyeza mzee, nikafungua ya kwanza. Spika zikakwaruza. Ikatoka sauti ya mwanamume, imejaa kiburi.

"Zana ni vyuma, mzee. Chuma hakilali."

Ilikuwa sauti yangu.

Kompyuta ile haina kinasa sauti, haijawahi kuwa nacho. Nikafungua ya pili. Kicheko changu; nikaikata. Ya tatu, kicheko. Ya kumi... ya ishirini... mimi, mimi, mimi tu, hadi ya arobaini.

"Nilikuletea mke wangu," mzee alisema polepole. "Unanirudishia wewe."

Nikaropoka. Kwamba ukarabati huchanganya vipande vya faili, kwamba labda simu yangu ilihusika, kwamba hata wataalamu wakubwa hupatwa. Moyoni nilijua nimemfuta Puttamma kwa mkono wangu mwenyewe. Diski haikuwaka tena. Mzee aliomba zile faili arobaini hivyohivyo zilivyo. Nikamwekea kwenye flashi, halafu nikazifuta kwangu upesi upesi. Sikutaka kulala nazo paa moja.

Kesho yake mchana alirudi. Hakuketi. Alikuja kuchukua kitambaa chake alichokisahau.

"Nimezisikiliza zote," alisema. "Jana ulizikata mapema. Ukishamaliza kucheka, unanyamaza kidogo. Halafu anakuja yeye."

Niliweka bisibisi chini.

"Anaongea?"

"Anakujibu."

"Mimi? Mzee, anasemaje?"

Alinitazama kuanzia kidole cha mguu hadi utosini, taratibu, jinsi ninavyowatazama wateja wangu. Nilijihisi mchafu.

"Si ulisema ni vyuma? Chuma kitasema nini, kijana?"

Akakunja kitambaa, akatoka. Nilimkimbilia peku hadi barabarani, nikimwita baba, nikimwomba anisikilizishe moja tu, hata nusu yake. Watu waligeuka kunitazama. Yeye hakugeuka.