Theluji ya Ukoo wa Kinlorne

Risasi iling'oa sikio la yule mgeni. Akaanguka kwenye kinamasi. Mairead Kinlorne akamkalia kifuani na kumkandamizia bastola yake ya Glock kwenye taya.

"Sumu iko wapi?"

Jamaa akacheka, meno yamejaa damu. "Kwenye bakuli, mrembo. Umechelewa."

Akachomoa kisu.

Mairead akafyatua.

Redio ikakoroma sikioni mwa Mairead, ikimwita kwa jina lake la kazi. "Kunguru, Mfalme anaingia ukumbini. Umebakiwa na dakika sita."

"Mzuieni!"

"Kasri halipatikani. Kuna mtu kakata mawasiliano huko ndani."

Alirukia pikipiki yake, Triumph nyeusi, akaikamua mpaka mwisho. Bakuli lilikuwa moja tu. Kwa miaka mia tano ukoo wake ulimiliki bonde lile la Uskoti kwa sharti moja: Mfalme akija kiangazi, mkuu wa ukoo ampe theluji ya mlimani anawe mikono. Baba yake, Lodi Kinlorne, angemuua Mfalme bila kujua, maana sumu ile ilipenya ngozi. Na angekufa kwa aibu.

Mlangoni mwa kasri jitu la miraba minne lilimzibia njia. Halikuwa mtumishi wa nyumba ile. Mairead alilivunja goti, akalipigiza kichwa ukutani, akapita.

Lodi alikuwa amepiga magoti, bakuli la fedha juu. Mfalme ameshavua pete.

"Usiguse!"

Mairead alilipokonya bakuli, glavu za pikipiki zikiwa bado mikononi.

Theluji ilikuwa nyeupe pe. Mwezi wa Julai! Theluji ya Julai huteremshwa ikiwa ya kijivu, imejaa mchanga na kuvu ya mawe. Hii ilitoka kwenye mashine.

"Nani kaileta, baba?"

"Torquil. Safari hii kapanda mlima mwenyewe!"

Torquil, mrithi wa ukoo, alitabasamu. "Dada, umejaa tope kama nguruwe. Unatutia aibu mbele ya wageni."

"Basi nawa wewe kwanza, mdogo wangu."

Mkono wa Torquil haukwenda kwenye bakuli. Ulizama ndani ya koti, ukatoka na bastola ya Walther.

Mairead alimmwagia theluji yote usoni.

Risasi ikapasua dari. Torquil akapiga ukelele mmoja mbaya, akajikuna macho mpaka damu, akaanguka akitupa miguu. Walinzi walimzoa Mfalme wakatoka naye mbio.

Kisha miguu ya Torquil ikatulia.

"Kunguru?" redio ikauliza.

"Mfalme mzima. Msaliti amekufa."

"Jina lake?"

"Kinlorne," akajibu Mairead.

Lodi alikuwa angali amepiga magoti.

"Niliona ni nyeupe, Mairead," alisema. "Niliona tangu asubuhi."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ni uvivu wake tu, kanunua barafu mjini. Nikaona nimfichie. Ni mwanangu."

Mairead alimfunika mdogo wake kwa koti lake la ngozi, akarudisha Glock kiunoni, akatoka nje bila kugeuka.