Gitaa Lililomfaa Apolonia

Asubuhi moja Apolonia alikuwa uani akianika michembe ya viazi juu ya jamvi, jirani akapita na kumsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu." Apolonia akaitikia kama kawaida, "Mwangaluka." Ndani ya nyumba, ukutani lilipotundikwa gitaa jipya la mumewe, kitu kikaitikia pia. Ulikuwa mlio mdogo wa nyuzi, wa chini chini, lakini ulipanda na kushuka vilevile alivyosema yeye. Jirani hakusikia, akaenda zake. Apolonia alitazama mlangoni, akadhani ni upepo. Ila siku hiyo hapakuwa na upepo. Hata majani ya ua yalikuwa yametulia.

Mumewe, Kasmiri, alikuwa shambani akichuma pamba. Waliishi nje kidogo ya mji wa Bariadi, wao wawili na binti yao Kija, mtoto wa kutambaa. Mume na mke walikuwa wanakwaya wa kanisani. Kasmiri alipiga gitaa na Apolonia aliongoza nyimbo. Sauti yake ilikuwa nzito kwa mwanamke, nzito na yenye joto, na alipoimba misa ya mazishi hata wanaume waliokaa nje kwenye viti waliacha mazungumzo.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Pamba iliyozoea kununuliwa na ushirika peke yake sasa ilifuatwa vijijini na malori ya wanunuzi binafsi, na maduka ya mjini yakajaa redio kaseti. Kila kwaya ikataka kurekodi kanda yake. Januarius, mwalimu wa kwaya yao, alikuwa ameshazungumza na watu wa Mwanza. Kilichokosekana ni gitaa. La zamani lilikuwa limepasuka mgongo, na Kasmiri hakutaka la umeme. Alitaka galatoni, la mbao tupu, linalosikika kwa tumbo lake lenyewe.

Alijaribu mengi. Dukani mjini lilikuwapo moja linalong'aa kama sahani, lakini nyuzi zake zililia kama waya wa uzio. Mwalimu mmoja wa Nassa alikuwa na la kuchongwa kwa mbao za makreti. Lilikuwa na sauti nzuri, ila wimbo haukufika katikati kabla nyuzi hazijalegea. Alikwenda Mwanhuzi kwa baiskeli, akakuta lenye shingo nene kama mpini wa jembe. Na kila alipojaribu gitaa alikuwa akivumisha kooni ile sauti ya mkewe, kuona kama vitakaa pamoja. Havikukaa. Ama gitaa lilimezwa, ama lilipiga kelele juu yake.

Mwishowe mtu akamwelekeza Kalemela, kando ya ziwa, kwa mzee aitwaye Mihayo, mkulima wa mpunga. Alimkuta nyumbani na mkewe. Mwanamke huyo alikuwa akianua dagaa, na aliposalimiwa hakuitikia. Mihayo alisema tu kwamba mkewe haongei. Kisha akaleta gitaa likiwa ndani ya gunia.

Lilikuwa jeusi kwa kuzeeka, na pale vidole vinapokaa shingoni mbao ilikuwa imelika. Kasmiri alipolishika, vidole vyake vikaingia pale palipolika kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake. Akapiga polepole, akavumisha sauti ya Apolonia. Gitaa likaibeba. Kasmiri alijikuta machozi yanamlengalenga.

"Nani ataimba nalo?" Mihayo akauliza.

"Mke wangu. Apolonia."

Mihayo akatazama chini. Akasema alichukue tu, hataki kitu. Hapo yule mwanamke akaacha dagaa, akaja mbio, akamshika Kasmiri mkono wa shati huku midomo yake ikicheza bila kutoa chochote. Mumewe akamwondoa taratibu. Kasmiri akadhani anaona uchungu kuliachia.

Jioni Kasmiri alipofika nalo nyumbani, Apolonia aliimba nalo. Majirani walikuja mmoja mmoja wakasimama nje ya ua mpaka wimbo ulipokwisha. Kasmiri hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile.

Baada ya mlio wa ile asubuhi ya michembe ikaja harufu. Nyumba yao ilikuwa kavu, mbali kabisa na maji, lakini chumba chenye gitaa kilianza kunuka tope la ziwa. Apolonia alipiga deki, akafukiza, akaanika magodoro. Harufu haikutoka. Na gitaa likaacha kungoja aseme. Alikuwa akifungua kinywa kumwita mtoto, nyuzi zikatangulia, "Kija," kwa sauti yake, na yeye akabaki mdomo wazi.

Siku ya majaribio, Januarius alileta redio kaseti kanisani wakarekodi wimbo mmoja. Katikati ya wimbo Apolonia alipaliwa, na ubeti wa tatu wote alikaa kwenye benchi akinywa maji. Waliporudisha kanda kusikiliza, ubeti wa tatu Apolonia alikuwapo. Aliimba vizuri kuliko beti zote. Wanakwaya walitazamana. Januarius akazima redio, akamvuta Kasmiri pembeni na kumwambia kwa kunong'ona kwamba asilirudishe gitaa lile kanisani.

Siku hiyo hiyo Apolonia hakuweza tena kuimba. Sauti ya kuongea alikuwa nayo, ila akitafuta wimbo hakuna kilichokuja, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani ikagonga mchanga. Kisha yakaanza kupotea maneno. Gitaa lilisema "maji" kule chumbani, na kuanzia hapo neno maji halikutoka tena kinywani mwake. Likasema "moto." Likasema "shamba." Alikuwa akisimama mbele ya mumewe akionyesha kwa kidole, jasho likimtoka.

"Baba Kija," alisema siku moja kwa sauti ya chini, akichagua yale machache yaliyobaki. "Linanila."

Kasmiri alilegeza nyuzi, likaendelea. Akazitoa zote, na sasa sauti ikawa inatoka kwenye tundu, imefifia kama ya mtu aliyefunikwa chungu, lakini ilikuwa ya Apolonia. Akalibeba hadi jikoni ili alitie motoni, na moto ulipolamba tu ukingo wake mkewe akaanguka uani ameshika koo. Akalichomoa. Likabaki na alama ya kuungua, na shingoni mwa Apolonia ikatokea ileile.

Akapanda baiskeli kwenda Kalemela. Mihayo hakushangaa kumwona. Walikaa kwenye magogo, na mzee akasimulia bila kujitetea: mkewe alikuwa mwimbaji wa ngoma, gitaa likamwacha bubu, yeye Mihayo akalitupa ziwani, wavuvi wakamrudishia wakidhani limepotea, naye akafikiri likichukuliwa na mtu mwingine, kwa hiari, sauti itarudi.

"Haikurudi," alisema.

Kasmiri alimuuliza kwa nini hakumwonya. Mihayo alisogea karibu, akatazama nyuma asisikiwe na mkewe.

"Niambie. Humo ndani bado yumo? Umemsikia mke wangu?"

Kasmiri akasema hajasikia mwanamke mwingine yeyote, ni Apolonia tu. Mzee akainamisha kichwa, na Kasmiri akaelewa kwamba kilichomo mle hakikai na sauti milele, hukaa nayo mpaka kipate nyingine.

Alirudi akiwa amemuuliza kila aliyekutana naye njiani habari za waganga. Ndivyo alivyokuja Ng'washi, mganga wa kike wa upande wa Meatu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alilaza gitaa juu ya ngozi ya ng'ombe katikati ya ua, mchana kweupe, akalizungushia unga, akawasha majani yaliyotoa moshi mzito. Akaliuliza ni nani. Likacheka, kicheko cha Apolonia cha zamani, kile cha siku walipochumbiana.

Ng'washi akaliuliza nani kaliruhusu likae hapa. "Mwenye mke," likajibu. "Aliulizwa nani ataimba, akanipa mkewe, na jina lake."

Mganga akamgeukia Kasmiri, akamtazama tu. Kisha akamwita Apolonia, akamweleza kwa kunong'ona kwamba kitu kilichopewa jina lake hakimsikii mtu mwingine, ni yeye mwenyewe wa kukifukuza, na lazima aseme kwa kinywa chake. Apolonia akapiga magoti mbele ya gitaa, moshi ukimzunguka, mishipa ya shingo ikamsimama, mdomo ukafunguka na kufungika na kufunguka tena, huku Kasmiri amemkumbatia Kija asiweze kufanya lolote ila kutazama, na harufu ya tope ikajaa ua mzima mpaka kuku wakakimbilia nje, na baada ya muda ambao hakuna kati yao aliyejua ulikuwa mrefu kiasi gani, neno likatoka.

"Toka."

Moshi ukatulia. Apolonia akangoja. Halafu gitaa, lisilo na uzi hata mmoja, likasema "Toka," kwa sauti yake hiyo hiyo, likasema tena, na tena, likiwaambia wao, mpaka jua likaanza kuinama, na Apolonia alipojaribu kulirudia neno lile akakuta halimo. Lilikuwa la mwisho. Ng'washi alikunja ngozi yake. Akamwambia Kasmiri asilivunje, asilichome, na asimpe mtu, na kwamba zaidi ya hapo yeye hana la kufanya. Aliondoka bila kuaga.

Kwaya ilikwenda Mwanza bila wao. Pamba ikaisha shambani. Kasmiri alilirudisha gitaa ukutani, maana uani lilikuwa likiwaita wapita njia kwa majina. Apolonia alijifunza kupiga makofi kumwita mtoto, na mwanzoni Kija alikuja.

Siku moja walikuwa wamekaa nje wawili wakipukuchua mahindi. Kija alikuwa mlangoni, ameshikilia mhimili, amesimama kama alivyozoea kusimama siku hizo bila kuthubutu kutembea.

"Mayu," akasema. Mama. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Apolonia akaachia gunzi. Akanyoosha mikono yote miwili, uso wake umefunguka kwa namna ambayo Kasmiri hakuwa ameiona tangu mavuno. Lakini Kija hakuwa amewatazama. Alikuwa ameuelekea ukuta wa ndani.

"Naam, mwanangu," sauti ya mama yake ikajibu kule chumbani, nzito, yenye joto. "Njoo."

Na Kija akaachia mhimili, akatembea.