Kadzo Aenda Malindi

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote hapa Tezo. Thoya, jirani yetu, aliosha gari lake, akavaa shati jeupe, akamwambia dada yake Janet kwamba anakwenda Malindi kutembea.

"Waenda peke yako, kaka?"

"Peke yangu."

 Janet alijua safari ile ilikuwa ya Kadzo, mke wa Thoya. Kadzo alikuwa mwalimu. Kila mwaka aliwachorea watoto ubaoni mnara wa Vasco da Gama, ilhali mwenyewe hakuwahi kuuona. Alimwomba mumewe ampeleke, na mumewe akawa wa kesho, kesho kutwa, hata siku zikamwishia. Kadzo alizikwa na mimba ya miezi minane.

Thoya aliendesha taratibu, madirisha wazi. Alipouacha nyuma msitu wa Arabuko, gari likaanza kulia. Ting. Ting. Ting. Ile kengele ya kumkumbusha abiria wa mbele afunge mkanda.

Alitazama kiti cha pembeni. Kitupu. Hapakuwa na mfuko wala simu juu yake. Akaegesha kando ya barabara, akakipapasa. Kilikuwa na joto, kama kilichokaliwa.

Aliuvuta mkanda, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Lakini mkanda haukulala kitini. Ulituna kwa mbele, kama uliozunguka tumbo.

Thoya hakukimbia. Alilia, akajifuta, akaendelea polepole zaidi.

"Hapa ni Gede," alisema kwa sauti ya chini. "Njia ile ndiyo ya Watamu."



Malindi, aliegesha mahali mnara unapoonekana, mweupe juu ya miamba. Ilikuwa saa sita, jua la utosi. Watu walipita wakicheka. Ndipo aliposikia, karibu kabisa na sikio:

"Tushushe hapa."

Tushushe. Si nishushe.

"Kadzo," alinong'ona. "Ngoja kidogo. Mwanangu sijamwona uso."



Mkanda ukafunguka wenyewe. Ukarudi taratibu, kama ulioshikwa na mkono. Mlango haukufunguliwa. Thoya aliweka kiganja juu ya kiti, akasikia joto likiondoka. Kidogo. Kidogo. Mpaka kikabaki kiti tu.

Alikaa pale hadi alasiri. Njia nzima ya kurudi, kengele haikulia.

Asubuhi yake Janet alikwenda kulifagia lile gari. Mara akamwita kaka yake. Kwenye kiti cha abiria palikuwa na doa jeupe, bichi, upana wa kiganja. Janet, mama wa watoto wanne, aliligusa, akanusa kidole.

"Kaka, jana ulimbeba nani?"

Thoya aliinama kulitazama lile doa.

"Haya ni maziwa ya mzazi," Janet alinong'ona. "Na bado yana moto."