Koki ya Pikipiki ya Marehemu Gvozden

Jumapili asubuhi, bibi mmoja akielekea kanisani aliikuta pikipiki imeegemezwa kwenye ukuta wa daraja la mto Nišava. Aligonga tangi kwa kidole kama anayechagua tikiti maji. Lilikuwa limejaa. Akaenda kusali kwanza, polisi akawaambia baadaye.

Kumbe fundi Tihomir naye alikuwa gereji, akitazama mahali patupu pikipiki hiyo ilipokuwa imelala. Mlango haukuvunjwa, maana ufunguo wake ulikaa chini ya chungu cha maua, siri iliyotunzwa na mtaa mzima. Wa pikipiki ulining'inia kwenye msumari ndani.

Inspekta Vukosava Perić, mama mnene asiyependa kusimama, alivuta kiti akataka aelezwe polepole. Pikipiki ilikuwa ya marehemu Gvozden. Binti yake, Zorana, alitaka igeuzwe iwe ya mtindo wa zamani. Tihomir alitoa kompyuta na pampu ya umeme iliyokuwa ikisukuma mafuta, akafunga kabureta mbili. Sasa mafuta yalishuka yenyewe kutoka kwenye tangi, kupitia koki ndogo ya kufunguliwa kwa mkono. Jumamosi jioni aliijaribu, akafunga koki kama desturi ya mafundi, akaenda kulala injini ikiwa bado na moto.

Darajani, koki ilikuwa imefungwa vilevile, na betri imekufa.

Tihomir alisema mafuta yaliyobaki ndani ya kabureta yangetosha kufika darajani tu. Baada ya hapo mtu alibonyeza stata mpaka betri ikakata roho, na kufungua koki hakukumjia akilini.

Wenzake Vukosava walikuwa wameshamkamata Ostoja, fundi aliyewahi kushirikiana na Tihomir wakagombana. Usiku ule, glasi ya rakija mkononi, aliitangazia baa nzima kwamba kwa ufundi wa Tihomir pikipiki ile haitafika darajani. Ikafika darajani, ikazimika. Mbaya zaidi, Ostoja alikuwa na kifungo cha nje kwa ugomvi wa zamani. Kesi moja tu nyingine, anarudi ndani.

"Afande," alisema kwa utulivu, "ningeiba mimi, mngeniokota ng'ambo ya mpaka, Bulgaria."

Vukosava aliwahoji pia watoto wa marehemu. Zorana alisema hajaiona pikipiki tangu aipeleke kwa fundi. Kaka yake, Relja, alisema hivyohivyo.

"Mimi hata sijui wameifanya nini," alisema. "Kwangu mimi ni ileile ya baba."

Vukosava akawauliza baba yao aliwafundishaje kuiwasha. Wote wawili walijibu sawa: zungusha ufunguo, ngoja pampu ivume, ndipo ubonyeze stata.

Mchana Tihomir alirudisha pikipiki gereji, akaichaji betri, akaipasha injini moto, akafunga koki. Vukosava, kikombe cha kahawa gotini, aliwaita mmoja mmoja waje kuiwasha.

Mkono wa Ostoja ulifika kwenye koki kabla ya macho yake.

Koki ikafungwa tena. Zorana akaingia, akazungusha ufunguo, akasimama kimya, sikio upande.

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Pampu ivume," alisema, kisha akajicheka huku akifuta machozi.

Relja alizungusha ufunguo, akabonyeza stata papo hapo. Injini ikawaka. Baada ya muda ikakohoa, ikazima. Akabonyeza tena, na tena.

"Basi, baba," Vukosava alisema. "Utaiua betri mara ya pili."

Akawaita wote ndani.

"Ostoja anaijua hii pikipiki yote. Dada yako haijui kabisa, anangoja pampu ambayo haimo. Mwizi wangu anajua nusu. Anajua kwamba haivumi tena, lakini koki haijui. Sasa wewe, usiyejua wameifanya nini, nani alikuambia haivumi?"

Relja aliutazama ufunguo mkononi mwake.

"Ndiyo iliyokuwa ikiniamsha, ile pampu," alisema. "Kila asubuhi, baba akienda kazini. Nilitaka kuificha kabla hawajaikatakata. Nikazungusha ufunguo, kimya. Nikajua wameshaiua. Nikaondoka nayo hivyohivyo."

"Na Ostoja arudi gerezani kwa ajili yako?"

Relja akaurudisha ufunguo kwenye msumari.

Tihomir alishusha sanduku kutoka rafuni. Pampu, kompyuta, mabomba, vyote vilikuwa ndani, vimefungwa vitambaa safi. Hakuna kilichokatwa. Alisema vingerudishwa siku yoyote, kama mtu angekuja mchana na kuuliza.

Zorana alimpiga kaka yake kofi la kisogoni, kisha akamfunga vizuri skafu kabla hajachukuliwa.

Ostoja, aliyekuwa amepewa tayari blanketi la mahabusu, alilikunja akamrudishia Vukosava.

"Mwonyesheni koki kabla hamjamfungia," alisema. "Asije akaiba tena akatutia aibu mji mzima."

Jioni ile Tihomir aliamua kuwa makini zaidi. Ufunguo wa gereji akauhamishia chini ya chungu cha pili.